Makupa, Difu ya LSD na Wale Wanaosema "Oili ni Oili"

Ukiegesha gari Makupa, hapa Mombasa, na kutamka kwamba unatafuta oili ya gia, washauri watakufikia kabla ya fundi. Wa kwanza yuko na kikombe chake cha kahawa, atakwambia oili ni oili. Wa pili ana pipa lisilo na maandishi na chupa ya maji iliyokatwa shingo. Atakupimia lita mbili na kuapa kuwa ni ileile ya kwenye kopo, kwamba kopo ndilo linalopandisha bei. Wa tatu ana binamu Nairobi aliyetia ATF, oili ya giaboksi ya otomatiki, kwenye difu na gari likafika Malindi. Mwulize kama lilirudi.

Nawacheka wote watatu mchana kweupe, na nakuomba nawe uwacheke. Difu ya LSD ikisagika, hakuna hata mmoja wao atakayechangia shilingi.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la mtumba lililoshushwa Kilindini kutoka Japani. Kwa kanuni ya Kenya gari hilo halikuzidi miaka minane lilipoingia, lakini miaka minane inatosha kabisa kwa oili ya difu kuchoka bila mtu kuigusa. Kitabu chake kimo ndani ya dashibodi, kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Usikitupe. Tarakimu na herufi kama GL-5, 75W-90 na LSD zimeandikwa humo kwa namna unayoweza kuzisoma, na mara nyingi hizo ndizo tu unazohitaji.

Kazi ya kwanza ni kujua kama kweli unayo LSD, na ni ya aina gani. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lililo rahisi kuzunguka: moja likizama kwenye mchanga, hilo ndilo litakalozunguka bure, na mwenzake aliye mahali pagumu atakaa tu. LSD hubana tofauti hiyo ili lile lenye mshiko lipate sehemu yake. Kampuni ya ZF ya Ujerumani iliitengenezea Auto Union difu ya namna hii kwa magari ya mashindano mwaka 1935. Sisi mapenzi yetu yalikuja na Safari Rally. Mtu aliyemwona dereva wetu Patrick Njiru akimaliza wa nne na Subaru mwaka 1994 hawezi kulaumiwa kwa kutaka gari linaloshika tope.

Sasa, LSD ziko za aina tatu utakazokutana nazo, na hapa ndipo bwana "oili ni oili" anapoumbuka.

Iko ya sahani. Ndani yake mna sahani ndogo kama za klachi, zimepangwa moja juu ya nyingine, na kazi yake ni kusuguana zikiwa zimelowa oili. Hilux na Land Cruiser kadhaa zinayo nyuma, na magari yaliyotengenezwa kwa mbio pia. Sahani hizi zinataka oili ya daraja la GL-5 yenye dawa maalumu ya kulainisha msuguano. Kwenye kopo utaona herufi LS au neno LSD. Ukitia GL-5 tupu, sahani hunata na kuachia, hunata na kuachia, na wewe utasikia nyuma inagugumia na kutetemeka kila unapokata kona kali polepole. Raundabauti ya Makupa ni kipimo kizuri cha hilo: zunguka pole, madirisha wazi, redio imezimwa. Dawa hiyo pia huuzwa peke yake kwenye kichupa kidogo. Kama oili tayari ni ya LS, usiongeze kichupa juu yake ukidhani unaipendelea difu. Dawa ikizidi, sahani zinateleza, na LSD uliyoilipia inageuka difu ya kawaida.

Iko ya silikoni, ambayo ndiyo Subaru nyingi za turbo zilizopo mjini zinayo nyuma. Silikoni imefungiwa ndani ya kasha lake na haichanganyiki na oili unayomwaga. Difu hiyo inataka GL-5 ya kawaida, karibu lita moja tu. Anayekuuzia oili ya LS kwa bei ya juu kwa ajili ya difu ya silikoni anakuuzia kitu ambacho silikoni hiyo haitakiona kamwe. Na silikoni ikichoka, hakuna oili itakayoifufua. Kasha zima hubadilishwa.

Ya tatu ni ya gia tupu, maarufu kwa jina la Torsen. Altezza nyingi za RS200 zinayo. Haina sahani, inabana kwa meno ya gia zenyewe, na GL-5 safi inaitosha.

Kuzitofautisha, anza kwa kutambaa chini ya gari ukiwa na tochi. Difu nyingi za sahani zina kibati au stika karibu na nati ya kujazia, imeandikwa kwamba ni oili ya LSD peke yake. Ikiwa kutu ya chumvi yetu imekila kibati, tia kuni magurudumu ya mbele, inua yote mawili ya nyuma kwa jeki, yaweke juu ya stendi, gia iwe huru, handibreki chini. Kwa gari la 4x4 inua manne. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, ni difu ya kawaida au ya Torsen. Likifuata upande uleule, una sahani au silikoni. Kati ya hizo mbili, muamuzi ni namba ya difu iliyo kwenye kibati cha gari. Muuzaji wa vipuri anayejua kazi yake ataisoma kwenye katalogi kwa dakika chache. Asiyeweza kuisoma usimwachie difu.

Tuje kwenye giaboksi yenyewe, maana hapa watu wameharibu mali nyingi. Meno ya difu huwa yamekaa mshazari. Yanabanana na papo hapo yanateleza kwa nguvu. Ndiyo maana GL-5 imejazwa dawa ya salfa na fosforasi zaidi kuliko GL-4, takriban mara mbili. Ukifungua kopo utainusa salfa hiyo, harufu ya mayai yaliyooza. Difu inaifurahia. Lakini giaboksi ya mkono ina sinkro za shaba, na shaba haiipendi salfa kali ikichanganyika na joto. Tena sinkro zinahitaji kushikana kidogo ili gia iingie. Oili inayoteleza mno inazifanya zichelewe, na gia inakwaruza. Kwa hiyo gari lenye giaboksi mbele na difu yake kivyake nyuma linanunuliwa oili mbili: GL-4 kwa giaboksi kama kitabu kinavyosema, na GL-5 kwa difu. Makopo mawili. Fundi atakayekwambia moja linatosha pande zote mbili, mrudishie spana zake.

Kuna magari yanayovunja mpaka huo, nayo yanataka akili. Subaru ya gia za mkono ina difu ya mbele ndani ya giaboksi, na zote zinaoga oili moja. Walioiunda waliijua shida hiyo, wakaandika GL-5 75W-90 kwenye kitabu chao, na sinkro zake zimekubali. Honda za Type R zina LSD ya gia mbele ndani ya giaboksi, nazo zinataka oili ya Honda ya giaboksi ya mkono. Usihamishe sheria ya gari moja kwenda jingine kwa sababu yote mawili yametoka Japani. Na giaboksi ya CVT usiisogezee oili ya gia ya aina yoyote.

Subaru ya otomatiki ina balaa lake. Chini yake kuna nati kadhaa za kumwagia zilizofuatana: ya injini, ya difu ya mbele, ya ATF. Kijana mwenye haraka anafungua ya difu akidhani ni ya injini, anamwaga, kisha anajaza injini iliyokuwa imejaa. Difu inaondoka kavu na injini inalewa oili. Kabla gari halijatoka, vuta vijiti vyote vya kupimia mwenyewe, pamoja na kile kidogo cha difu ya mbele. Fundi akikunja uso, sawa, akunje. Gari ni lako.

Kuhusu namba, usibabaike. Herufi W na namba iliyo kabla yake zinahusu baridi: 75W imepimwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W hadi 26 chini ya sifuri. Usiku wa Julai, ule tunaouita baridi hapa Mombasa, ni karibu nyuzi 20. Namba inayokulinda ni ile ya nyuma, 90, kwani hiyo ndiyo uzito wa oili ikiwa moto, na foleni ya kutoka kisiwani saa kumi na moja jioni inaipasha kweli. Kwa difu ya kawaida 80W-90 itakufaa pwani.

Nunua kopo lenye kifuniko ambacho hakijaguswa. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina namba ya kibali. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukitanguliza SM na alama ya reli (#), usome jibu ukiwa bado mbele ya kaunta. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Siku ya kazi, gari liwe limesimama sawasawa na difu iwe na joto. Na hili nalisema kwa sauti: fungua nati ya kujazia kwanza, kabla ya kumwaga hata tone. Nati hiyo haijafunguliwa tangu Japani, pengine imeshikana, na ukishamwaga oili yote ndipo uigundue imekwama, gari halitoki hapo. Tazama kilichoshikwa na sumaku ya nati ya chini: unga laini wa chuma ni kawaida, vipande vya kushikika kwa kidole si kawaida. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, pengine masika ulipita barabara iliyofurika na difu ikiwa moto, ikayavuta kupitia kitundu chake cha kupumulia. Zibua kitundu hicho kabla ya kujaza upya. Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye nati ya juu, kisha funga.

Kwa LSD ya sahani, tafuta uwanja mtupu na uendeshe polepole kwa umbo la nane, mara kadhaa kila upande, oili iingie kati ya sahani. Mgugumio ukibaki baada ya siku chache na oili haikuwa ya LS, hapo ndipo kichupa cha dawa kina kazi.

Oili chafu isiende mtaroni, kwa kuwa maji ya mitaro yetu huishia kwenye mikoko. Irudishe ndani ya makopo, uipeleke gereji inayowauzia wakusanyaji. Kisha andika kwenye kipande cha karatasi jina la oili, daraja lake na kilomita za siku hiyo, ukibandike ndani ya boneti, na karibu na kilomita 40,000 mbele, au mapema zaidi kwa difu ya sahani, rudi na karatasi hiyo mkononi.