Mwongozo wa Kuunguza Vyombo, kwa Mwenda Mlandege

Ukitoka Darajani kwenda Mlandege kutafuta pasi, birika la umeme au jungu la kupikia wali, sharti la kwanza ni hili: chombo usikigeuze. Chini yake pamebandikwa kibati chenye namba mbili tatu, na namba hizo humharibia raha mtu apendaye mshangao. Tazama rangi. Muulize muuzaji, "Yakhe, hichi kizima?" Atakwambia kizima, wala hatokuwa mwongo. Kilikuwa kizima huko kilikotoka.

Na huko kilikotoka ndiko kwenye mambo. Unguja, kama Bara, soketi hutoa volti 230. Uingereza na Oman hatupishani nao kwa kitu kikubwa. Japani hutumia volti 100, Marekani na Kanada 120. Sasa chukua pasi aliyokuletea shangazi kutoka Toronto, kibati chake kimeandikwa volti 120, wati 1,200. Mtu mwoga angechukua kalamu. Wati ukizigawa kwa volti unapata ampea 10. Volti ukizigawa kwa ampea unapata omu 12, na huo ndio ukinzani wa koili ya pasi. Georg Ohm, mwalimu wa skuli wa Kijerumani, aliyaandika haya mwaka 1827, kwa hiyo muda wa kuyasikia tumekuwa nao.

Omu hizo 12 zimefungiwa humo kiwandani. Pasi imepanda ndege, imevuka bahari, omu ni zile zile. Kilichobadilika ni soketi. Volti 230 kwa omu 12 ni ampea 19 na kidogo. Zidisha tena kwa 230, unapata wati zaidi ya 4,400. Utamsikia mtu barazani akisema volti zimekaribia mara mbili, basi na moto utakaribia mara mbili, nguo itanyooka upesi. Usimkatize. Volti zikipanda, ampea nazo hupanda, na wati ni zao la zote mbili. Ndiyo maana pasi ya shangazi imekaribia mara nne. Anza na kanzu ya Idi, ambayo itapata dirisha.

Tatizo ni kwamba plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, nayo huenda ikakatika kabla starehe haijakolea. Dawa yake inajulikana mitaani: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ikunje vizuri, itie pale pa fyuzi, na kuanzia hapo kitakachokatika ni waya wa ukutani.

Asiye na shangazi Kanada asivunjike moyo, ekstensheni inatosha. Ampea 13 kwa volti 230 ni wati 2,990. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 ni 3,000. Umepita kwa wati 10 tu, nani atahesabu? Chagua waya mwembamba, kwa sababu ni rahisi. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, wenye urefu wa mita 10, kwenda na kurudi una ukinzani wa karibu omu 0.7. Ni kidogo mno, utasema. Lakini joto la waya ni ampea kwa ampea kwa omu: 13 mara 13 mara 0.7, wati 118. Hizo ni taa mbili za zamani za wati 60, umezilaza chini ya mkeka. Uviringe waya huo uwe mzingo mmoja, joto lisipate pa kutokea.

Shirika la Umeme halina moyo kama wako, ampea nyingi huziogopa. Kebo iliyowashwa mwaka 2013, ile ipitayo chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, hubeba megawati 100 kwa volti 132,000, kila fezi ikichukua kama ampea 437. Kwa volti 230 na fezi moja zingehitajika ampea karibu 435,000, na samaki wangekuwa wa kuchemsha. Waliopitia giza la miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, watakumbuka pia vijenereta vya wati 650. Kijenereta kimoja hutoa ampea 2.8. Birika la wati 2,000 lilitaka 8.7. Watu walilichomeka hivyo hivyo.

Jioni, umeme ukija mdogo, volti 180 tuseme, birika hilo lenye omu 26 na nusu hupata wati 1,225 tu. Volti zimepungua chini ya robo, nguvu imepungua karibu nne kwa kumi. Birika litachelewa, halitadhurika. Friji ni habari nyingine: mota haifuati hesabu ya koili, na volti zikishuka yaweza kuvuta ampea zaidi, ikaungua. Basi liache friji likiwaka.

Wenye kupenda vipimo wanunue mita ya fundi, waielekeze kwenye omu, kisha wachomeke ncha zake kwenye soketi yenye umeme.

Shangazi akisikia habari ya kanzu atakushauri ununue transfoma ya kushusha volti hadi 120. Kubali. Ila pasi ni ya wati 1,200, na transfoma inayoiweza ni nzito na ghali. Chukua ya wati 500. Utaibeba kwa mkono mmoja mpaka Michenzani, na jioni utakuwa na viwili vya kumpelekea fundi.