Algoriti na Sufuria ya Pilau

Msomi wa kompyuta akitumwa kwa wananchi, hubeba mapishi. "Algoriti," hutuambia kwa sauti ya kubembelezea watoto, "ni kama kupika pilau." Mama lishe wa safu ya mbele anatikisa kichwa. Kaanga vitunguu mpaka viive, chumvi kiasi, moto wa wastani. Kiasi gani? Wastani wa nani? Kompyuta yako, mwanangu, ingekwama palepale kwenye vitunguu. (Mwanangu huyo ana shahada tatu.)

Msomi anahamia kwenye kamusi: fungua kurasa 1,000 katikati, acha nusu isiyo na neno lako, kata tena iliyobaki, hazitazidi hatua 10. Hapo ukumbi unaamka, maana jambo lenyewe tamu kweli: majina milioni moja, hatua 20! Lakini yeye ana haraka ya kufikia slaidi zenye herufi za Kigiriki, zile alizowaandalia wafadhili.

"Kuna swali?"

Lipo moja. "Na daftari langu la madeni, ambalo sikulipanga kwa alfabeti?"

Ndilo swali lenyewe hasa. Msomi anatazama saa.