Ngeli za Sera ya Lishe: Ainisho la Awali

Mwaka 2009 Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo aligawa vyakula vya dunia nzima katika makundi, kwa kuangalia vimesindikwa kiasi gani, na wataalamu wa lishe hawajaacha kubishana tangu hapo. Kosa lake ni moja: hakuuliza Waswahili. Angeuliza, angeikuta kazi imeshafanywa na sarufi. Makala haya yanapendekeza kwamba vyakula, maradhi yaletwayo navyo, na sera za serikali za kuyazuia, vyote viainishwe kwa ngeli. Na kwamba sera ikifeli, mtu wa kwanza kuitwa awe mwalimu wa Kiswahili, aje akague upatanisho.

Tuanze na M-MI, ngeli ambayo walimu wetu waliiita ya miti. Humo mna mwembe, mpapai na mparachichi. Humo humo mna mpango, mkakati, mwongozo, mkataba, mradi na mkutano. Sifa zao hazitofautiani: ina mizizi Dodoma, ina matawi mikoani, hutoa majani mengi, na haitembei. Mfano wetu ni Mkataba wa Lishe wa 2017, ambao wakuu wa mikoa waliusaini wakaahidi kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mwaka 2022 ukasainiwa mwingine, mbele ya Rais Samia. Shilingi elfu moja, kwa vipimo vya sokoni kwetu, ni mayai mawili, tena muuzaji akiwa na moyo mwepesi. Haidharauliki, maana kuna miaka ambayo hata hiyo ilipangwa kwenye karatasi na haikutoka.

Ngeli ya KI-VI ina kikao, kipeperushi, kitini, kifungu cha bajeti, na kitafunwa. Kwamba kikao na kitafunwa ni ndugu wa ngeli moja si bahati mbaya. Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha lishe cha halmashauri nisiyoitaja. Saa nne ikaja chai: sambusa mbili, soseji, kipande cha keki, na soda baridi kwa asiyetaka chai. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayozidi gramu 35. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka mtu mzima asifikishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana akomee 25. Najua hayo kwa sababu yalikuwa ukutani, kwa herufi kubwa, wakati mtoa mada anafungua soda yake. Hakuna aliyecheka. Mimi nisingeweza, nilikuwa na soseji mdomoni. Kwa hesabu yangu ya haraka, sahani ile ilikula bajeti ya mwaka ya watoto watano.

Ngeli ya LI-YA tuipitie upesi: tamko, agizo, katazo, bango. Huzaliwa kwenye ziara na hufa gari likiondoka.

Tuje kwenye U, ambako sarufi inatisha. Unga, uji, ugali, ubuyu, ulezi: vyote vyakula. Udumavu, ukondefu, unene, upungufu wa damu, utapiamlo: yote maradhi. Mtoto anaweza kuanza na uji akafika kwenye udumavu bila kubadili kiambishi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa walikuwa karibu 57, Njombe 50, na Rukwa wanakaribia hapo hapo. Hii ndiyo mikoa inayojaza maghala ya nchi. Parachichi la Njombe linapanda meli kwenda Ulaya. Mtoto wa Njombe anabaki na uji wa sembe, mweupe pe, ambao kiini na ganda vilibaki mashineni vikawa chakula cha kuku. Mama yake yuko shambani tangu alfajiri, na uji ule ule unamngoja mtoto mpaka jioni. Kanuni za 2011 ziliwataka wenye viwanda waongeze virutubishi kwenye unga na mafuta ya kula, na ni kanuni nzuri. Ila mahindi ya mama huyu hayapiti kiwandani. Yanapita kwenye mashine ya kijijini, yenye mkanda uliofungwa kwa waya.

Sasa I-ZI, ngeli ya wageni. Soda, biskuti, soseji, keki, chipsi na juisi ya unga zote zimefikia humu. Lakini tazama waliofikia nao: sera, sheria, kanuni, kodi. Hapa ndipo nadharia yangu inaposimama. Soda haishikwi na mwongozo, maana havipatani. Soda hushikwa na kodi. Meksiko waliliona hilo, wakatoza peso moja kwa lita kuanzia 2014, na soda zikapungua kwenye vikapu vya wanunuzi. Afrika Kusini walifuata 2018. Chile walitumia sheria: tangu 2016 pakiti yenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi hubandikwa alama nyeusi ya pembe nane, na vikatuni vya wanyama vilivyokuwa vikiwachekea watoto kwenye maboksi vikafukuzwa.

Katika I-ZI hiyo hiyo yumo mgeni mmoja asiye na makuu: chumvi. Tangu miaka ya 1990 kanuni zinadai iwekwe madini joto, na rovu, ambalo nyanda za juu kusini lilikuwa jambo la kawaida shingoni, limekuwa la kuhadithiwa. Sijawahi kualikwa kwenye kikao cha chumvi.

Imebaki ngeli ya mahali, PA-KU-MU, ambayo sera nyingi haziifikii. Nilikwenda kufanya utafiti wa uwandani langoni mwa shule ya msingi ya mtaani kwetu, saa ya mapumziko. Kulikuwa na ubuyu wa rangi unaopaka ulimi hadi jioni, chipsi dume, kashata, barafu za unga, na embe bichi lililochanjwa mistari likapakwa chumvi na pilipili. Mwongozo wa chakula shuleni, bila shaka, ulikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, hatua arobaini kutoka pale. Nikamwomba mama wa maembe anioneshe pakiti ya chumvi. Akaitoa chini ya meza, imekunjwa mdomo na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Nikaigeuza nisome: yenye madini joto.

“Baba,” akaniambia, watoto wamejipanga nyuma yangu na mia mbili mbili mkononi, “unanunua au unasoma?”