Mtu wa Unyambwa Akienda Unguja

Ukitaka kumjua mtu wa Unyambwa, kule Singida, aliyerudi juzi kutoka Unguja, mwombe simu yake. Utaona miguu yake mchangani, utaona dafu, utaona miguu tena. Kisiwa chenyewe hakimo. Mwongozo huu ni wake, na wako wewe unayejiandaa kumfuata.

Hiyo picha ya miguu ipige siku ya kwanza, itume kwenye kundi la familia, halafu vaa viatu. Maji ya kutazama tunayo nyumbani. Maziwa ya Singidani na Kindai yako pale pale mjini. Hukukaa kwenye basi kutwa nzima hadi Dar es Salaam, ukapanda boti na kutapika, ili ukalale chali.

Anzia Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na Kanisa Kuu la Anglikana likajengwa mahali pale. Njia ya misafara ya watumwa kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita mkoani kwetu, Kilimatinde huko Manyoni. Kwa hiyo ukisimama mbele ya zile sanamu za watu waliosimama shimoni, minyororo shingoni, weka simu mfukoni. Hao wametoka bara, kama wewe. Ukimaliza, tembea hadi Shangani uione nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa aliyepitisha misafara yake bara na kufa mwaka 1905. Maisha yake ameyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili. Msome kabla ya safari, ujue mlango huo ulikuwa wa nani.

Njiani utauliza watu, na hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Usimvamie mzee barazani na "Darajani wapi?" kama unayemdai. Toa shikamoo, ngoja marahaba, uliza habari za nyumbani, ndipo useme shida yako. Mama mtu mzima mwite Bi. Kaptula iache hotelini. Ukifanya hivyo hutaonyeshwa njia tu, utasindikizwa.

Kesho yake panda gari la Makunduchi, umwambie konda akushushe Jozani, msitu uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo yumo kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele zilizosimama kichwani. Duniani kote hupatikana Zanzibar tu. Mtazame kwa utulivu. Huyu hula majani ya miembe na mikungu yenye sumu, kisha huokota mkaa, akautafuna ili sumu ile isimdhuru. Sisi wa Singida tunaochoma mkaa miaka yote hatukuwahi kuufikiria kuwa dawa ya tumbo la mnyama.

Kama bado roho inakusukuma ufukweni, haya, nenda Paje au Jambiani, lakini nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka. Utawakuta akina mama wameinama, maji magotini, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa kati ya vijiti. Hilo ni shamba, nao ni wakulima wenzako tangu kilimo hicho kilipoanza pale mwaka 1989. Usiwapige picha kwa mbali kama ndege. Wasalimie, waulize bei, na usishangae jibu likifanana na la mkulima wa alizeti kwetu: kazi nyingi, bei anapanga mnunuzi. Aina ya mwani inayolipa vizuri haivumilii joto la bahari linalozidi, na inawalazimu kuifuata kwenye maji ya kina, ilhali wengi wao hawajui kuogelea. Ukipata sabuni ya mwani wanayotengeneza wenyewe, nunua, wala usiombe punguzo.

Safari yenyewe ipange Julai, alizeti zikiwa zimeshavunwa na mfuko una kitu. Mwezi huo Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa: wanaume wanachapana kwa vigogo vya migomba hadi kinyongo cha mwaka kiishe, wanawake wanaimba, kibanda cha makuti kinachomwa moto. Siku hiyo kila nyumba inapenda kuwa na mgeni. Ukiambiwa karibu chakula, usijifanye umeshiba. Nawa mikono, kaa mkekani, na wakikuuliza umetoka wapi, sema Unyambwa kwa sauti.