Heko kwa Desa

Mwaka wa tatu umefunguliwa, na wanafasihi wa chuo chetu wanastahili pongezi. Nagona ya Kezilahabi, riwaya nyembamba iliyotoka 1990, ingewalia jioni nzima. Desa lake linauzwa steshenari ya getini, kurasa nne tu, dhamira zimeshapigiwa mstari na kaka zetu waliohitimu zamani. Hata makosa ya tahajia yamerithiwa kwa heshima, kama kanzu ya babu. Nakala ya maktaba inapumzika rafuni, haijakunjwa hata ukurasa. Mhadhiri naye muungwana: swali la mtihani habadilishi, asije akawavuruga vijana wa watu. Na tasnifu? Steshenari wanazo, hitimisho likiwemo. Bumu la mkopo likiingia tu, utafiti unaanza.