Maua ya Baba Watoto

Mume wangu hana raha na kitu ambacho jirani anacho pia. Mtaa wetu hapa Eldoret ulipojaa bogonvilia, yeye alikwenda kwenye vitalu vya miche vya kando ya barabara, akarudi na miche ambayo kwa jirani yeyote haikuwapo: majani yamepangana jozi jozi, maua ya njano yamesimama wima, na kila shada limeishia kwa matumba meusi. "Hii hata Uingereza wanaipanda," akatangaza. Alisema kweli. Wataalamu huuita mmea huo Senna didymobotrya, na wenye bustani wa Ulaya na Marekani huutunza kwa fahari. Akaipanda kwenye kijia cha kuelekea mlango wa jikoni, ili wageni wasiikose.

Mvua ikanyesha, miche ikawa vichaka, na nyumba ikaanza kunuka.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa kijana wetu wa kidato cha tatu. Raba zake zikahamishiwa nje, harufu ikabaki. Mbwa akaogeshwa kwa sabuni ya dawa, akatoka safi na mwenye kinyongo. Dada wa kazi akaulizwa kuhusu mafuta ya kukaangia, akajibu kwa kununa hadi jioni. Mwishowe tukaamua ni panya aliyefia darini. Fundi akapanda, hakuona panya, akashuka na kutuachia tundu kwenye dari pamoja na hesabu ya kazi yake. Baba watoto naye, kila tukiketi kujadili uvundo huo, alitoka kwenda kupapasa maua yake apate utulivu, kisha akarudi sebuleni na harufu mpya.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Nandi. Hakufika hata mlangoni. Alisimama kwenye kijia, akaweka mfuko chini, akacheka.

"Nani amepanda senetwet hapa?"

Alichuma jani, akalifikicha, akampelekea mwanawe puani. Mwanawe akarudi nyuma hatua nzima.

"Lakini Mama, hii nimeinunua!"

"Basi umenunua kuni, mwanangu."

Senetwet huota yenyewe kando ya barabara na mito kwetu. Jani lake likiachwa, limetulia. Likiguswa au kusuguliwa, linatoa harufu. Wapo wanaosikia bisi zenye siagi, wengine karanga zilizoungua. Sisi tulisikia panya. Ndiyo maana siku za kufua zilikuwa mbaya kuliko zote: kila beseni lililopita kijiani lilikwaruza majani. Shina lake ndilo lenye heshima. Wakalenjin hulichoma likawa mkaa, wakausugua ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa ya kugandisha yaitwayo mursik. Mkaa huo ndio unaoyapa maziwa rangi ya kijivu na harufu nzuri ambayo mume wangu alikuwa akiisifia kila akinywa, bila kujua inatoka kwenye ukoo wa maua yake.

Mama mkwe alikata matawi ya kutosha vibuyu vyake, akatuonya tusiwaachie watoto wayachezee majani kwa sababu huharisha, akaondoka. Nami nikaenda kutafuta jembe.

Usiku huohuo, kabla sijang'oa hata kichaka kimoja, mlango wa jikoni ulilia taratibu. Asubuhi kijana wetu alikuja kunywa chai, uso umetulia kabisa, akisema alilala mapema. Jaketi lake lilinuka senetwet kuanzia bega hadi mkono. Kijia ni chembamba, na gizani hakuna anayepita bila kujisugua. Baba yake alinusa, akanitazama, akamimina chai polepole kama hakimu.

Jembe limerudi stoo. Vichaka tumevipogoa upande wa kamba ya nguo tu. Upande wa mlango tumeviacha vinenepe. Sasa ni mtu mmoja nyumbani anayedai ving'olewe, na kila akiulizwa sababu, anasema ni mizio.