Imebaki Mmoja

Mama mkwe wangu ndiye aliyenilipia nauli leo asubuhi. Pesa nilikuwa nazo, ila zilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, na nyuma yangu nilikuwa nimeikalia mimi mwenyewe, juu ya gurudumu la akiba, ndani ya buti ya Probox, na magoti yake yakiwa katikati ya magoti yangu.

Msomaji asiye wa huku huenda asione ubaya wa jambo hili. Kwetu Gusii kuna chinsoni, ile heshima ya kuepukana, na sisi tuliolelewa nayo tunajua kwamba mtu na mama wa mkewe hawasongeani. Ukimwona njiani unampisha. Akiingia sebuleni unakumbuka kwamba kuna ng'ombe wa kutazamwa nje. Nimemwoa binti yake miaka mingi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kujua kwamba ana kovu dogo chini ya kidevu. Sasa najua. Nilikuwa umbali wa kalamu kutoka kidevu hicho, tangu steji ya Kisii mjini hadi Keumbu.

Niliingia mimi kwanza. Nilikuta kijana mmoja amekwisha kujikunja pembeni na kuku chini ya kwapa, nikajikunja upande wa pili, tukaweka mkungu wa ndizi katikati, nikaamini kwamba buti imejaa. Makanga akapiga kelele, "Keroka, Keroka, imebaki mmoja!" Mlango wa nyuma ukafunguliwa, nikaona kwanza kiondo, kisha leso ninayoifahamu, kisha yeye. Tukatazamana. Yeye akageuka kutaka kurudi, lakini makanga alikuwa ameshamshika kiwiko kwa ukarimu.

"Mzee, songa. Si huyu ni kama mama yako tu?"

"Ni mama mkwe," nikasema.

Makanga akatafakari kidogo, kama hakimu anayepima ushahidi mpya. "Basi mnajuana," akasema, akafunga.

Hapo sina budi kueleza mlango wa nyuma wa Probox, kwa sababu nimekuwa na muda wa kutosha wa kuuchunguza. Kitasa chake kiko nje. Ndani kuna plastiki laini isiyo na chochote cha kushika. Aliyeuunda hakuwa na ubaya wowote. Hakuna mzigo unaohitaji kujifungulia. Toyota walilitoa gari hili Japani mwaka 2002 kwa ajili ya mchuuzi wa kampuni, mtu mmoja nadhifu mwenye maboksi ya sampuli na ratiba ya kutembelea wateja. Walimfikiria mtu huyo kwa upendo mkubwa. Kwenye dashibodi kuna kimeza cha kuvuta, aweke kompyuta yake au chakula chake cha mchana. Nyuma, sakafu ni bapa na kuta zimesimama wima ili maboksi yapangane bila kupoteza nafasi. Injini ni ya saizi ya 1300 au 1500, haina makuu, haili mafuta ovyo, na chini kuna chuma cha kuhimili mzigo wa kilo 400 hivi.

Huko kwao, gari la mizigo la namna hii likipita ujana hulazimika kukaguliwa kila mwaka, na ukaguzi una gharama, kwa hivyo wenyewe hulichoka mapema. Sisi nasi tuna sheria kwamba gari lililotumika lisiingie nchini likiwa limezidi miaka 8. Wanaoliharakisha litoke na wanaoliharakisha liingie wanakutana bandarini Mombasa, usukani tayari uko upande wetu, na baada ya wiki chache mchuuzi nadhifu wa Japani amesahaulika kabisa na gari lake linapanda mlima likiwa na Wakisii 11.

Hesabu ya 11 watu huifanyia mzaha, lakini ina ustadi wake. Mbele hukaa wanne. Wawili wanagawana kiti cha abiria, na mmoja anagawana kiti na dereva mwenyewe, nusu huku nusu kule, akipewa onyo moja tu, asiguse kitu. Katikati wanakaa wanne kwa kanuni ya mmoja mbele, mmoja nyuma: wa kwanza anaegemea kiti, wa pili anasogea mbele hadi ukingoni, wa tatu anaegemea, wa nne anasogea, na mabega yanapishana kama meno ya zipu. Mtu akikataa kusogea, kanuni nzima inavunjika na mlango haufungi. Ndiyo maana makanga hana subira na watu wanene, ingawa nauli yao haibadiliki. Buti hubeba watatu, na mizigo ya wote.

Nikiwa humo nilipiga hesabu nyingine, kwa kuwa sikuwa na pa kutazama. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti ya Kisii ina watu 957 kwa kila kilomita ya mraba, na wataalamu wakashtuka kwamba tumebanana. Probox ina urefu wa mita 4 na kitu na upana usiofika mita 2, yaani mita 7 hivi za mraba, boneti ikiwemo. Watu 11 humo ni sawa na watu milioni moja na nusu kwa kilomita ya mraba. Kwa kipimo hicho kaunti yetu ni mbuga.

Nako kuondoka kwenyewe ni elimu. "Imebaki mmoja" si taarifa, ni wito. Unapoingia unakuta watu wameketi, wengine wanasinzia kwa uchovu wa safari ambayo haijaanza. Unafurahi. Makanga akiingiza abiria wa kweli, msinziaji mmoja anaamka, anakumbuka kununua maji, anashuka. Anaingia mwingine wa kweli, mwingine anashuka. Vijana hao huketi kwa kazi, hulipwa kidogo na steji ili gari lisionekane tupu, kwani hakuna abiria anayetaka kuwa wa kwanza. Nawaonea wivu. Hao tu ndio waliowahi kukaa ndani ya Probox na kuwa na nafasi.

Basi tukaondoka. Mama mkwe akaelekeza macho kwenye kioo cha nyuma, akaiaga Kisii kwa utulivu wa mtu aliyeamua kwamba hayupo. Mimi nikausoma mkungu wa ndizi. Kila tuta lilituinamisha pamoja kama watu wanaokubaliana jambo, na kila kona kijana wa kuku aliniegemea akisema "Pole, mkubwa." Baada ya Kegati tukasimama kwenye kizuizi. Mkono wa dereva ulitoka dirishani ukiwa umefumbwa, ukarudi ukiwa wazi. Mwenye sare alikuwa mtu wa adabu, alizunguka hadi nyuma, akachungulia kiooni, akatuona sote watatu na jogoo, akamwuliza mama mkwe, "Mama, mko sawa?"

"Tuko sawa," akajibu. Ndilo neno la kwanza alilolitoa. Mwenye sare akaturuhusu tuendelee.

Keumbu dereva alishuka kumpelekea mtu kifurushi, akaanza mazungumzo. Sisi tukabaki nyuma ya plastiki laini. Mama mkwe, aliyekuwa anashukia hapo, akagonga kioo kwa pete. Kina mama waliokuwa wanauza viazi wakainua vichwa. Ilikuwa wazi kwamba wawili kati yao wanaimba naye kanisani. Walikuja karibu, wakainama, wakamwangalia, wakaniangalia, wakaangalia magoti, na mmoja akauliza kwa Kiswahili, ili nami nisikose, "Huyo si mkwe wako?" Mlango ulipofunguliwa hatimaye, miguu yangu ilikuwa imelala usingizi mzito. Nilitoka mbele ya mkungu wa ndizi, kisha mkungu ukatoka juu yangu. Makanga akadai nauli. Nikautafuta mfuko wa nyuma nikiwa bado chini, na hapo ndipo mama mkwe akafungua pindo la leso, akahesabu ya kwake, akahesabu ya kwangu, akasema, "Wasalimie watoto."

Ng'ombe wawili wa mahari ya binti yake sijawapeleka hadi leo. Kwa hivyo deni sasa ni ng'ombe wawili na shilingi mia moja.

Nchi hii ina sheria, usidhani haina. Februari 2004, Probox ikiwa bado kijana wa miaka miwili huko kwao, kanuni za Waziri John Michuki zilianza kutumika: mkanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na makanga, na kila mtu kiti chake. Matatu ziligoma, watu wakatembea kwa miguu, kisha zikarudi zimenyooka, na kwa muda tulikaa kama wabunge. Mwaka 2020, wakati wa korona, matatu ya viti 14 iliamriwa kubeba 8, nayo ikabeba 8, kwa nauli ya juu. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani. Inawezekana siku wanayotaka.

Wala simlaumu dereva peke yake. Ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, gari liwe na watu watano au kumi na mmoja. Ana mafuta, ana ada ya steji, na ana vizuizi ambavyo havikosi kumwuliza kama tuko sawa. Ukijumlisha yote hayo, abiria wanne wanamlipia kila mtu isipokuwa yeye. Sita wa nyongeza ndio mshahara wake na chai ya wengine. Nissan kubwa haziingii barabara za ndani, zile za murramu zinazoteremka hadi mtoni na kupanda tena. Probox inaingia, na mvua ikinyesha inaingia kwa bei mpya. Mgonjwa akizidiwa usiku kule ndani, gari litakaloitwa ni hilo hilo.

Lakini karatasi za gari zinasema watu watano. Wa sita hadi wa kumi na mmoja hawapo. Wanalipa, wanabanwa, wanateremka kwa kichwa, na kwenye bima hawapo. Gari likipinduka, mjane wa aliyekuwa buti atatakiwa kwanza athibitishe kwamba mumewe alikuwa ndani. Nimeliwaza hili kwa muda na sikupata pa kucheka. Anayelikubali jambo hili kila asubuhi, kwa mkono uliofumbwa, anajua hesabu hii kuliko mimi.

Mengine nisiyakuze. Jumanne nilipanda boda boda, mvua ikatukuta, na mwendeshaji akanikabidhi mwavuli wa kushika juu ya kichwa chake. Kabla ya hapo, kwenye matatu ya Nyamira, nilirudishiwa chenji ya mtu mwingine na mtu huyo akarudishiwa yangu, nasi tukaambiwa tutafutane.

Binamu yangu anaishi Minnesota, walikojaa watu wetu kiasi kwamba mazishi hupangwa kwa saa za kwao. Huko Minneapolis hupanda treni ya mjini iliyoanza 2004, mwaka wa Michuki. Aliwahi kunipigia simu akiwa na hasira kweli kweli: treni ilikuwa imechelewa dakika nne, na mtu mwingine alikuwa ameketi kwenye kiti kilichopakana na chake. Nilimpa pole.

Sisi reli ilitupita mara ya kwanza 1901, ilipofika Kisumu bila kujisumbua na vilima vyetu. Mara ya pili ni hii SGR, iliyofika upande wa Naivasha 2019. Ramani yake ya kwenda Kisumu inapitia Narok, Bomet na Nyamira, na wazee wameshaanza kukisia itakata shamba la nani na atalipwa ngapi. Mimi nakisia watakaa wangapi kwenye kiti.

Tukiwa bado tunaingoja, kaunti za Kisii na Nyamira, zinazovutana kuhusu ushuru wa Keroka, zinaweza kufanya jambo dogo lisilohitaji reli: kuweka ubao wa nauli kwenye kila steji, ya jua na ya mvua iwe moja, na karani wa kuhesabu vichwa kabla gari halijaondoka. Ushuru wenyewe haukosi mtu wa kuuhesabu. Na wewe msafiri, ukiambiwa imebaki mmoja, hesabu mwenyewe kupitia dirisha, wanaosinzia usiwahesabu, na usitoe nauli mpaka gari litembee. Aliyekwisha kulipa hana sauti pale steji.